Imani Zetu 28 Zikisomwa Dakawa

Tamko la Imani za Msingi la Kanisa la Waadventista Wasabato ni andishi fupi. Msomaji wa kawaida, mwenye Biblia ya kukagulia mafungu, anaweza kulimaliza alasiri moja. Pamoja na ufupi wake, nadhani ndilo andishi letu linalosomwa vibaya kuliko yote, na wanaolisoma vibaya ni pande mbili zisizoelewana: majirani wanaotuhesabu kuwa dhehebu la pembeni, lisilo la Kikristo sawasawa, na sisi wenyewe tunapohubiri kana kwamba Ukristo ulianza mwaka 1844. Pande zote mbili zinafanana kwa jambo moja. Zinaruka mwanzo na kuanzia katikati.

Makala hii inalipima tamko lenyewe: mpangilio wake, viunganishi vyake, lililotangulizwa na lililonyamaziwa. Inalisoma kutoka Dakawa, kwa sababu huko swali la nafasi ya Waadventista ndani ya Ukristo si la darasani. Dakawa iko Wilaya ya Mvomero, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, karibu na Mto Wami, na uhai wake ni shamba la mpunga la hekta 2,000 lililokuwa la NAFCO, ambalo sasa linalimwa na wakulima wadogo kupitia ushirika wao wa UWAWAKUDA. Maji husukumwa kwa pampu kutoka mtoni, kisha hugawanywa. Watu wamekuja kutoka kila upande: Waluguru kutoka milimani, Wakaguru, Wanguu na Wazigua wa jirani, Wapare, Wachaga, Wasukuma, Wamasai na mifugo yao. Tangu 1982 hadi 1992 hata wakimbizi wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walikuwa na kituo chao hapa, ndugu wa kile cha Mazimbu. Mahali kama hapo hakuna anayeweza kusema kanisa lake ndilo lenye kijiji.

Tena Ukristo wa eneo hili umetutangulia. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mhonda, kwenye miteremko ya milima ya Nguru, mwaka 1877, miaka tisa baada ya kuanza Bagamoyo. Kanisa letu lilikuwa limeundwa rasmi Marekani miaka kumi na minne tu kabla ya hapo, na wamisionari wetu wa kwanza, Wajerumani Johannes Ehlers na A. C. Enns, hawakufika Upareni hadi 1903. Mhubiri wetu anaposimama jukwaani Dakawa na kuuliza nani amewahi kusikia habari za Yesu, mbele yake wameketi watu ambao babu za babu zao walibatizwa kabla Mwadventista yeyote hajaikanyaga nchi hii.

Turudi kwenye tamko. Lilipitishwa na kikao cha Konferensi Kuu mjini Dallas, Marekani, mwaka 1980, likiwa na imani 27. Ya 28, inayohusu kukua katika Kristo, iliongezwa St. Louis mwaka 2005 na kuwekwa namba 11, ndiyo sababu vitabu vya zamani vina hesabu tofauti na Sabato iliyokuwa ya 19 sasa ni ya 20. Maneno kadhaa yalirekebishwa tena San Antonio mwaka 2015. Utangulizi wake unasema kwamba Biblia pekee ndiyo kanuni yetu ya imani, na kwamba tamko lenyewe linaweza kurekebishwa na kikao cha Konferensi Kuu kadiri Roho Mtakatifu anavyotuongoza kuuelewa ukweli kwa ukamilifu zaidi. Utangulizi huo husahaulika kuliko sehemu nyingine yoyote. Wapo ndugu wanaonukuu tamko kwa ukali ambao tamko lenyewe halikujipa.

Sasa tazama mpangilio. Namba 1 ni Maandiko Matakatifu. Namba 2 ni Utatu. 3, 4 na 5 ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. 6 ni uumbaji, 7 asili ya mwanadamu, 8 Pambano Kuu kati ya Kristo na Shetani, 9 maisha, kifo na ufufuo wa Kristo, 10 wokovu kwa neema kupitia imani. Mpe Mluteri wa Dakawa kurasa hizi zikiwa hazina jalada. Kwenye namba 7 atasita kidogo, kwa kuwa mwili na nafsi vinatajwa kama kitu kimoja kisichogawanyika; kwenye namba 8 ataona msisitizo asiouzoea; mengine yote atayasoma kama ya kwake. Mkatoliki atagoma namba 1, kwa sababu ya nafasi ya mapokeo ya kanisa lake, lakini kuanzia 2 hadi 5, na ile ya 9, ataitikia amina. Mpentekoste huenda asigome popote hadi namba 17 na 18, kwenye karama za Roho na karama ya unabii, na hata hapo ugomvi wake na sisi ni kuhusu nani aliyepewa, kwa kuwa karama zenyewe anaziamini kutuzidi.

Sabato ni namba 20. Patakatifu pa mbinguni na mwaka 1844 ni namba 24. Hali ya wafu ni 26. Kutokula kitimoto, jambo ambalo kwalo watoto wa mtaani wanatujua kabla ya yote, ni sentensi ndani ya namba 22.

Linganisha na efoti. Ratiba nyingi za mahubiri ya hadhara nilizosikiliza huanza na sanamu ya Danieli sura ya 2, zikaja dalili za mwisho wa dunia, na kabla wiki ya kwanza haijaisha tumeshafika kwenye Sabato, kisha chapa ya mnyama. Namba 9 na 10, yaani msalaba na neema, hupewa usiku mmoja, mara nyingi ule ambao mvua ilinyesha na watu hawakuja. Wahubiri wana hoja yao, nayo ina uzito: wasikilizaji wa Dakawa tayari wanamjua Kristo, kwa hiyo tuwape wasichonacho. Lakini hoja hiyo, ikifikiriwa vizuri, inakiri jambo kubwa. Inakiri kwamba wasikilizaji ni Wakristo. Huwezi kuruka namba 9 kwa kuwa jirani anaijua tayari, halafu usiku wa kumi ukamwambia hajawahi kuwa wa Kristo.

Hata jina tunaloitwa limekatwa kwa mtindo huohuo. Kanisa lilichagua jina lake Battle Creek mwaka 1860, jina lenye mambo mawili: siku ya saba na kuja kwa Bwana. Barabarani tumebaki “Wasabato”. Nusu ya pili, Adventista, yaani watu wanaomngoja Bwana anayekuja, imeanguka njiani, na nusu iliyoanguka ndiyo tunayoshiriki na kila kanisa linaloungama kwamba Kristo atakuja tena kuwahukumu walio hai na wafu.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya mpangilio wa tamko uwe wa thamani. Utatu haukukaa namba 2 kwa mazoea. Joseph Bates na James White, wawili kati ya waasisi wetu, walitoka katika kundi la Christian Connexion lililokataa fundisho la Utatu, na maandishi yetu ya miongo ya mwanzo yanaonyesha hivyo waziwazi. Safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1888 kule Minneapolis, E. J. Waggoner na A. T. Jones walilirudisha kanisa kwenye haki ipatikanayo kwa imani, na wazee wengi wakawapinga. Mwaka 1898 Ellen White alitoa kitabu tunachokijua kwa Kiswahili kama Tumaini la Vizazi Vyote, kinachomtangaza Kristo kuwa Mungu kwa asili yake mwenyewe. Tamko la imani la mwaka 1931 likaungama Utatu. Maana yake ni kwamba kanisa letu lilisogea kuelekea imani ya makanisa mengine kwenye jambo la kwanza kabisa kuhusu Mungu, na lilisogea kwa kuisoma Biblia, bila kushinikizwa na yeyote. Siku hizi wapo ndugu, na Morogoro hawakosekani, wanaodai Utatu ni mafundisho ya Roma na kwamba waasisi hawakuyajua. Kwa historia ya waasisi wana sehemu ya ukweli. Wanachokisahau ni kwamba waasisi haohao walikataa kuandika kanuni ya imani isiyobadilika, ili watoto wao wawe huru kuona zaidi.

Kuhusu Sabato, nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo Dakawa inapotufundisha kusoma. Maneno ya namba 20 ni mapole kuliko mahubiri yetu. Yanasema Sabato ni kumbukumbu ya uumbaji, ni ishara ya ukombozi katika Kristo, ni ladha ya mapema ya ufalme ujao, ni siku ya furaha ya kukutana na Mungu na sisi kwa sisi. Neno Jumapili halimo. Papa hatajwi. Chapa ya mnyama haimo. Pitia tamko zima, namba 1 hadi 28, hutakuta jina la kanisa lingine lolote likishambuliwa. Mambo hayo tunayo katika vitabu vyetu vya unabii, na sisemi yafichwe. Nasema kwamba kanisa lilipoketi kuandika linachoamini, liliweza kuieleza Sabato yote bila kumtaja adui.

Wala Sabato haikuanza na Rachel Oakes Preston, yule mama aliyewapelekea Waadventista wa New Hampshire habari zake. Yeye alikuwa ameipokea kwa Wabaptisti wa Siku ya Saba, waliokuwapo London tangu karne ya 17. Na karibu nasi zaidi, Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limeheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili kwa karne nyingi. Baraza la Debre Mitmaq, chini ya mfalme Zara Yaqob, lilithibitisha hivyo mwaka 1450, kabla Luther hajazaliwa. Ninashangaa jinsi tunavyoitumia kidogo habari hii Afrika Mashariki. Tunaeleza Sabato kama kitu kilichopotea Ulaya na kupatikana Marekani, hali majirani zetu wa kaskazini hawakukipoteza.

Sasa ingia shambani. Mkulima Msabato ambaye zamu yake ya maji imeangukia Jumamosi hana njia nyingi. Iliyo rahisi ni kubadilishana na mwenye jaruba la pili, na mwenye jaruba la pili huenda ni Mkatoliki, Mluteri, Mpentekoste au Mwislamu. Yeye huchukua maji Jumamosi, Msabato huchukua siku nyingine, hata Jumapili, na mpunga wa wote wawili unapona. Kwa hiyo utunzaji wetu wa amri ya nne, katika nchi ya mpunga, unabebwa kwa sehemu na wema wa watu ambao jukwaa letu la usiku linawaita Babeli. Yeyote anayetaka kuandika juu ya Uadventista na Ukristo mpana aanzie kwenye mfereji huo.

Namba 26, kifo na ufufuo, nitaipitia haraka. Chini ya Uluguru, ambako matambiko hayajafutika na waganga wana wateja kutoka makanisa yote, fundisho kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote ni habari njema yenye nguvu: mzimu haupo wa kukutisha. Msibani lakini, likisemwa kwa ubaya, linaumiza. Mjane anaambiwa mume wake hayuko mbinguni, akiwa bado hajavua khanga ya kilio. Fundisho lenyewe si geni katika Ukristo. William Tyndale, mtafsiri wa Biblia wa Uingereza aliyeuawa mwaka 1536, alilitetea mbele ya Thomas More. Na kuhusu moto wa milele, John Stott, Mwanglikana aliyeheshimika duniani kote, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea kuamini waovu wataangamia kabisa. Hakuna aliyemwondoa katika hesabu ya Wakristo. Na namba 26 humalizia kwenye ufufuo, ambao kila aliyekuja kuzika anauungama.

Wasomaji wa nje wamelisoma vipi kanisa hili? Mifano miwili yatosha, kwa kuwa ni ya miaka ileile na ilifikia hukumu zinazopingana. Mwaka 1955 na 1956 Walter Martin, Mbaptisti aliyeandika juu ya madhehebu potofu, alikutana na viongozi wetu pamoja na Donald Barnhouse, mchungaji wa Kipresbiteri. Walikuja kututia katika orodha hiyo. Waliondoka wakisema tumekosea mengi, hasa hukumu ya upelelezi, lakini ni Wakristo. Kitabu cha Martin cha 1960 kilisema hivyo. Mwaka 1963 Anthony Hoekema, mwanatheolojia wa Kireformed, alituweka pamoja na Wamormoni, Mashahidi wa Yehova na Sayansi ya Kikristo. Walikuwa na maandishi yaleyale mbele yao. Martin alianza na Kristo ni nani na mtu anaokolewaje, ndipo akauliza mengine yanakaaje juu ya msingi huo. Hoekema alianza na yale yanayotutenga, akauliza kama yanauharibu msingi. Nadhani Martin alisoma vizuri zaidi. Lakini Hoekema asidharauliwe, maana alilosema juu ya madai yetu ya kuwa watu wa pekee wa Mungu ni swali ambalo bado hatujalijibu kwa utulivu.

Ndani pia moto uliwaka. Kitabu cha majibu ambacho kanisa lilitoa mwaka 1957 baada ya mazungumzo hayo kilimkasirisha M. L. Andreasen, mwanatheolojia wetu mzee, aliyeona tumeuza urithi ili tukubalike, naye akanyang'anywa kitambulisho chake cha uchungaji kwa muda. Mwaka 1980, mwaka uleule wa Dallas, Desmond Ford wa Australia alipoteza chake kwa sababu ya upande wa pili, kwa kuhoji tafsiri yetu ya 1844. Mmoja alituona tumesogea kwa wengine mno, mwingine alitaka tusogee zaidi. Namba 24 ndiyo imani yetu ya pekee kabisa. Hakuna kanisa lingine kubwa lenye fundisho hilo, na msomaji mwaminifu asijifanye vinginevyo. Ninachoona kwenye maneno yake ni kwamba inaanza na Kristo kuhani mkuu anayetuombea, ambaye Waebrania inamfundisha kwa kila Mkristo, na tarehe inafuata baadaye. Anayeianza na hesabu ya siku 2,300 ameianza mkiani.

Kisha namba 13, na hapa ndipo penye kesi yenyewe. Sentensi yake ya kwanza ina vipande viwili. Cha kwanza kinasema kanisa la ulimwengu mzima ni la wote wanaomwamini Kristo kweli. Kinafuata kiunganishi “lakini”, halafu kinasema siku za mwisho masalio wameitwa watoke, kuzishika amri za Mungu na imani ya Yesu. Tumesoma kipande cha pili kana kwamba cha kwanza kiliwekwa kwa adabu tu. Namba 13 yenyewe haisemi masalio ni shirika lipi. Ni kweli kwamba namba 18 inaihusisha karama ya unabii na masalio, na kwamba kiapo cha ubatizo katika Kanuni ya Kanisa kinalitaja kanisa letu waziwazi, sitayaficha hayo. Lakini hata ukijumlisha yote matatu, kipande cha kwanza hakijafutwa. Kanisa la ulimwengu ni pana kuliko masalio, na masalio wako ndani yake wakilitumikia. Mwaka 1926 Kamati Tendaji ya Konferensi Kuu ilipitisha msimamo, ambao bado umo katika sera zetu, kwamba kila chombo kinachomwinua Kristo mbele ya watu ni sehemu ya mpango wa Mungu wa kuihubiri dunia. Viongozi waliopitisha hayo waliamini masalio kama sisi.

Kiswahili kimetufanyia kazi hapa, nzuri na mbaya. Masalio ni yaliyobaki. Watanzania wanalikumbuka kundi lililojitenga nasi, likajulikana kama Wasabato Masalia, ambalo wafuasi wake walipiga kambi karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam wakitaka kwenda kuhubiri ng'ambo bila hati za kusafiria. Watu walicheka, na sisi tulijitenga nao haraka. Tungejiuliza pia walijifunzia wapi. Mtu akifundishwa tangu utoto kwamba waliobaki ni wachache na wote wengine wameanguka, hesabu yake haitaishia kwa Wakatoliki. Siku moja itakifikia kiti cha mbele cha kanisa lake mwenyewe.

Lakini mkulima wa Dakawa anajua aina nyingine ya kubaki. Baada ya mashine ya kuvuna kupita, yapo masazo yanayookotwa na kina mama, nayo huliwa. Na ipo mbegu, iliyotengwa ghalani, ambayo haiguswi hata njaa ikibisha hodi. Zote mbili ni mabaki ya mavuno. Mbegu hutengwa kwa sababu moja tu, shamba zima lirudi kuwa kijani, na mwenye mbegu ya SARO anayeikalia bila kuipanda hatapongezwa na mtu. Katika Mwanzo 45:7 Yusufu anawaambia nduguze kwamba Mungu alimtuma mbele ili masazo yahifadhiwe, na alipokuwa akisema hayo alikuwa anaigawia Misri yote mkate. Katika Isaya 6:13 kilichobaki baada ya mti kukatwa kinaitwa mbegu takatifu. Paulo katika Warumi 11 anazungumza juu ya mabaki waliochaguliwa kwa neema, na sura hiyohiyo inaonya tawi lisijivune juu ya matawi mengine. Sijui fungu la masalio katika Biblia ambalo waliobaki wanaagizwa kuwacheka walioanguka.

Makanisa mengine nayo yana kazi ya kusoma. Kati ya 1994 na 1998 Waluteri na Waadventista walizungumza katika ngazi ya dunia, na ripoti yao ikawashauri Waluteri wasituchukulie kama kundi potofu bali kama kanisa huru na ushirika wa Kikristo wa dunia. Ushauri huo ungefika kwenye vigango na mitaa ya Mvomero, ndoa kadhaa zingefungwa kwa amani zaidi. Nasi kwa upande wetu tunayo Kanuni ya Kanisa inayoruhusu mtu aliyekwisha kubatizwa kwa kuzamishwa katika kanisa lingine la Kikristo apokelewe kwa kukiri imani, bila kubatizwa upya. Wazee wa kanisa wengi wanaijua, lakini huitumia mara chache, kwa kuwa idadi ya waliobatizwa ndiyo inayosomwa makambini.

Nimeiacha namba 16 hadi hapa makusudi. Inaeleza meza ya Bwana, na kabla yake huduma ya unyenyekevu, kutawadhana miguu kama Bwana alivyofanya katika Yohana 13. Ndani yake kuna sentensi fupi inayosema huduma hiyo iko wazi kwa Wakristo wote waaminio. Haisemi kwa Waadventista wote. Kwa nguvu ya sentensi hiyo, Mluteri mwenye jaruba la pili, akija kwetu Sabato ya meza ya Bwana na miguu yake ina tope la mfereji, ana haki ya beseni na taulo, na mzee wa kanisa ana wajibu wa kuinama. Makanisa mengi yanayotuita finyu hayajaifungua meza yao kiasi hicho. Na sisi tunaosema wengine wameanguka tumeandika, kwa kura ya kikao cha dunia nzima, kwamba tutawaosha miguu na kula nao. Namba 13 ikisomwa bila namba 16 inakuwa kali kuliko ilivyoandikwa.

Meza hiyo kwa kawaida huandaliwa kila robo ya mwaka, na hutangazwa Sabato iliyotangulia. Tangazo katika makanisa mengi husema, washiriki wote mjiandae. Tamko linasema waaminio wote. Tofauti ni neno moja, na karani wa kanisa anaweza kulibadilisha wiki hii bila kungoja kikao cha Konferensi Kuu.